Kwanza ale, ndipo ahamie: karantini ya samaki wadogo wa maji chumvi

Mama mmoja anayeishi Al Nahda, hapa Dubai, ameniletea swali ambalo nadhani litawafaa wengi, hasa wazazi ambao watoto wao wameomba tangi la samaki wa baharini. Mwanawe wa miaka 11 alizawadiwa tangi la maji chumvi la lita 150. Walifuata ushauri: tangi likakaa miezi miwili na mawe na konokono tu mpaka maji yakatulia. Kisha wakanunua samaki watatu kwa siku moja. Wawili ni wale ambao watoto wote huwaita Nemo, na wa tatu ni kitatange mdogo wa buluu mwenye kichwa na mgongo wa rangi ya chungwa.

Nemo walikula tangu siku ya kwanza. Kitatange hakugusa kitu. Siku ya tisa akatokewa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, siku ya kumi na mbili akafa, na kabla ya wiki kwisha wale Nemo nao wakamfuata. Mtoto sasa hataki hata kukaa chumba kimoja na lile tangi. Mama anauliza: walikosea maji, walikosea chakula, au samaki hawa si wa kufugwa na watu wa kawaida? Na lile tangi walimwage?

Dada, tangi usilimwage. Kwa maelezo yako maji yenu ni mazima, na chakula mlichonunua ndicho wanunuacho wengi. Kilichokosekana ni utaratibu. Samaki mgeni ana kazi mbili za kumaliza kabla ya kuingia tangi kubwa: ajifunze kula chakula cha nyumbani kwako, na ibainike kwamba hana vimelea. Kazi hizo hufanyika kwenye chombo cha pembeni, na kula hutangulia dawa. Ukivuruga mpangilio huo utapoteza samaki hata kama maji yako ni safi kama ya Mnemba.

Mgeni huyu ametoka wapi

Kitatange uliyemweleza anafanana sana na yule ambaye wataalamu humwita Centropyge acanthops. Huyu ni mwenyeji wa kwetu. Anaishi kwenye miamba ya matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, na hukua hadi sentimita 8 hivi. Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo kwa miongo mingi, na yeye ni mmoja wao. Wazamiaji wa Kilifi na Kwale huwakamata kwa nyavu ndogo, mmoja mmoja.

Fikiria maisha yake kabla ya hapo. Tangu jua kuchomoza hadi kuzama alikuwa akidonoa mwani na vijidudu kwenye mwamba, kidonge hiki hapa, kidonge kile pale, mamia ya mara kwa siku. Hajawahi kuona punje kavu ikielea juu ya maji. Akishakamatwa hunyimwa chakula siku moja au mbili makusudi, ili asichafue maji ya mfuko njiani. Hufungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni, mfuko huwekwa ndani ya boksi jepesi jeupe, boksi hupanda ndege. Akifika huwekwa kwa msambazaji, kisha dukani, na katika maduka mengi maji ya matangi yote huzunguka kwenye mfumo mmoja. Ugonjwa wa samaki mmoja ni wa wote.

Kwa hiyo unapomleta nyumbani huenda ana siku kadhaa bila mlo wa maana, amehamishwa mara tatu au nne, na amelala maji mamoja na wageni wa bahari zote. Ukimwachia moja kwa moja kwenye tangi kubwa lenye wenyeji waliokwisha kuzoea kugombania chakula, atajificha nyuma ya jiwe, na hutamwona tena mpaka awe mgonjwa.

Kisiwa cha Changuu nyumbani kwako

Neno karantini limetokana na siku 40 ambazo meli zilisubirishwa kabla ya kuingia Venice. Sisi watu wa Pwani tuna mfano wetu wa karibu, tena wenye jina la samaki: kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja. Gereza lilijengwa huko kuanzia mwaka 1893, lakini badala ya wafungwa, kisiwa kikaishia kuwatenga abiria wa meli ili homa ya manjano isifike mjini. Aliyetengwa hakuwa lazima mgonjwa. Alikuwa mtu ambaye hali yake haijajulikana bado.

Changuu cha samaki ni chombo cha lita 40 hadi 60. Tangi dogo la kioo linafaa, na hata boksi la plastiki la kuhifadhia nguo linafaa, alimradi ni safi na halikuwahi kuwekwa sabuni. Ndani yake weka vitu vichache: sponji ya kuchuja inayoendeshwa na pampu ya hewa, hita ndogo, kipimajoto, na vipande viwili vitatu vya bomba la plastiki kama maficho. Funika kwa wavu, maana samaki mgeni huruka usiku, na asubuhi utamkuta kwenye zulia. Vyote hivyo utavipata kwenye soko la ndege na wanyama la Al Warsan au kwenye duka lolote la samaki.

Usiweke mchanga wala mawe ya kudumu. Sababu ni mbili. Kwanza, mawe na mchanga hunyonya dawa, hasa ya shaba, hata usijue kiasi gani kimebaki majini. Pili, vimelea hupenda kujibandika humo. Sakafu tupu unaifuta kwa kitambaa na yamekwisha.

Sponji ndiyo roho ya chombo hiki. Ikae ndani ya tangi kubwa kwa wiki nne hivi kabla ya kununua samaki, ili bakteria wanaovunja amonia wajenge humo. Sponji mpya kutoka kwenye pakiti haina bakteria hata mmoja, na katika maji machache amonia hupanda ndani ya siku mbili. Nunua kipimo cha amonia na upime kila siku. Rangi ikibadilika kidogo tu, badilisha theluthi moja ya maji kwa maji yenye joto na chumvi ileile. Tangi kubwa likiwa tayari na vimelea, kama lenu sasa, usichukue sponji humo. Anzisha yako katika ndoo tofauti, kwa bakteria wa chupa na chembe chache za chakula, mpaka amonia ipande na kushuka yenyewe.

Maji ya Dubai na joto la Dubai

Wapo wanaofikiri kwamba kwa kuwa tunakaa kando ya bahari, maji ya bure yapo Jumeirah. Msifanye hivyo. Bahari ya hapa ni ya chumvi kali kuliko yetu: lita moja ina gramu 40 hivi za chumvi, ilhali maji ya Mombasa au Dar yana karibu 35. Wakati wa kiangazi maji ya juu hupita nyuzi 32. Samaki wetu wa matumbawe anataka nyuzi 25 hadi 27, na kipimo cha chumvi cha 1.025 kwenye refraktomita.

Maji ya bomba hapa ni ya bahari yaliyosafishwa chumvi kiwandani, kisha yakatiwa klorini, yakakaa kwenye matangi ya juu ya jengo. Yapitishe kwanza kwenye mashine ya kuchuja mpaka yabaki maji matupu, au nunua yaliyochujwa dukani, ndipo uchanganye chumvi ya matangi. Yaache yazunguke siku nzima kabla ya kuyatumia.

Jambo la kukumbuka ni kiyoyozi. Watu wengi hukizima wanaposafiri ili kupunguza bili. Katika Julai, fleti iliyofungwa hupanda joto haraka, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Penye samaki, kiyoyozi hakizimwi.

Siku ya kwanza

Kabla ya kutoka dukani, mwombe muuzaji amlishe samaki mbele yako. Akikataa kula, acha arbuni na urudi baada ya wiki moja. Muuzaji mwema ataelewa, na wiki hiyo itakuokolea fedha na majonzi. Angalia pia pumzi yake: mashavu yanayopiga haraka kama ya mtu aliyekimbia ni dalili mbaya.

Muulize pia chumvi ya tangi lake ni kiasi gani, au pima maji ya mfuko mwenyewe. Maduka mengi huiweka chini kidogo. Samaki huvumilia kushushiwa chumvi kuliko kupandishiwa, kwa hiyo tayarisha chombo chako kiwe sawa na mfuko, kisha uipandishe taratibu kwa siku kadhaa kwa kuongeza maji yenye chumvi zaidi.

Elea mfuko uliofungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, ufungue, umhamishe samaki kwa kikombe, na maji ya mfuko umwage chooni. Ile desturi ya kudondoshea maji tone kwa tone kwa saa mbili ina hatari kwa samaki aliyesafiri mbali. Mfuko ukifunguliwa, hewa chafu iliyojikusanya hutoka, maji hupoteza uchachu wake, na amonia iliyokuwa imetulia humo hugeuka kuwa sumu kali zaidi. Kila dakika anayobaki humo baada ya kufunguliwa ni hasara kwake.

Zima taa. Waambie watoto wasigonge kioo. Siku hiyo asilishwe, au apewe vijidudu hai vichache tu.

Kumlisha anayekataa

Hapa ndipo familia nzima inapopata kazi, na watoto ndio mafundi wazuri kuliko sisi.

Anzeni na artemia hai. Ni vijidudu vidogo vya maji chumvi ambavyo mayai yake makavu huuzwa kwenye kopo. Chukua chupa tupu ya soda, tia maji ya chumvi, kijiko kidogo cha mayai, na mpira wa hewa kutoka kwenye pampu. Katika joto la nyuzi 26 hadi 28 yataanguliwa ndani ya saa 24 hadi 36. Zima hewa, weka taa pembeni, na vijidudu vyenye rangi ya chungwa vitakusanyika kwenye mwanga, tayari kunyonywa kwa bomba la sindano. Walisheni siku hiyohiyo, kwa sababu artemia aliyeanguliwa hubeba akiba ndogo ya mafuta, na akishaimaliza ni ganda tupu.

Kwa nini hai? Kwa sababu kinachotikisika humwamsha samaki. Hajui kwamba punje ni chakula, lakini kijidudu kinachorukaruka anakijua tangu utotoni.

Akishadaka artemia kwa siku mbili, changanya na kamba wadogo wa barafu, ile pakiti iliyoandikwa Mysis. Usitupe kipande cha barafu majini. Kiyeyushe kwenye kikombe chenye maji ya tangi, mwaga yale maji machafu, kisha mpe kidogo kidogo. Leo sehemu tatu artemia na moja Mysis, kesho nusu kwa nusu. Punje kavu zije mwisho kabisa, zikiwa zimelowekwa na kuchanganywa na anachokipenda.

Kwa kitatange, ongeza vitu viwili. Cha kwanza ni mwani mkavu ambao Wajapani hufungia sushi, ule usio na chumvi wala viungo. Ufunge kwenye kijiwe kwa mpira na uuache chini saa chache. Cha pili ni chaza mbichi kutoka soko la samaki la Deira. Mgandishe kwanza kwenye friza siku chache, mpasue, na umweke na ganda lake moja. Kitatange anayekataa kila kitu mara nyingi hushindwa kuiacha nyama iliyobandikwa kwenye ganda, maana inafanana na kazi aliyoizoea mwambani. Ukiwa na tangi lisilo na ugonjwa, unaweza pia kumwazima jiwe dogo lenye mwani. Litoe kabla ya dawa, na usilirudishe lilikotoka.

Wengi wataniuliza kuhusu kitunguu saumu. Matone machache kwenye chakula huwavutia baadhi ya samaki, sina ugomvi nayo. Lakini haitibu vidoa vyeupe, hata kama jirani atakuapia.

Walisheni mara tatu hadi tano kwa siku, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika chache, na kinachobaki kinyonywe nje kwa mpira. Tumbo la samaki wa sentimita tano ni dogo, na mlo mmoja mkubwa jioni humchafulia maji bila kumshibisha. Wazazi wote wawili wakiwa kazini, gaweni zamu: baba kabla ya kutoka, mtoto akirudi shule, mama jioni, na mwingine kabla ya kulala.

Muwe na daftari. Mtoto aandike tarehe, chakula, amedonoa mara ngapi, na amonia. Samaki aliyedaka kisha akatema amepiga hatua, mwandikeni. Mwangalieni kutoka mbele na kutoka juu: nyama ya nyuma ya kichwa ikibonyea, anakonda. Kitatange akikaa siku tatu bila kula si ajabu. Wiki ikipita bila hata kudonoa, badilisheni mbinu, ongezeni maficho, punguzeni mwanga. Na kama kuna mwenzake anayekula vizuri na asiye mgomvi, kukaa pamoja katika karantini husaidia, kwa kuwa samaki hujifunza kwa kutazama.

Dawa baada ya shibe

Akishakula vizuri kwa siku saba hadi kumi mfululizo, ndipo tuzungumze dawa. Dawa nyingi hupunguza hamu ya kula, na aliye na njaa hana pa kupunguzia.

Adui mkuu ni vidoa vyeupe, kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kielewe mzunguko wake, maana tiba yote imejengwa juu yake. Kile kidoa unachokiona ni kimelea kikila chini ya ngozi. Hukaa hapo siku tatu hadi saba, kisha huanguka, hujifunika ganda kwenye sakafu au jiwe, na ndani ya ganda hugawanyika kuwa mamia. Watoto wake wakitoka wana siku moja au mbili tu za kupata samaki, wasipompata hufa. Ndiyo maana vidoa hupotea ghafla na mwenye tangi hufurahi kwamba samaki amepona, kumbe kimelea kimekwenda kuzaa.

Kwa samaki wadogo wasumbufu napendelea njia isiyo na dawa, ya kuhamisha. Unahitaji maboksi mawili na vifaa vya kila moja. Kila baada ya saa 72 unamhamishia kwenye boksi jingine lenye maji mapya, na la zamani pamoja na bomba na sponji vinaoshwa na kukaushwa kabisa. Kwa kuwa sponji hukaushwa, bakteria hawapo, kwa hiyo pima amonia asubuhi na jioni. Mara nne za kuhama ni siku 12. Vimelea vilivyoanguka vinabaki nyuma kabla ya maganda kupasuka, na samaki anakuwa amevikimbia.

Njia ya pili ni shaba, na inafaa pia dhidi ya ugonjwa wa vumbi, ambao nitaueleza. Shaba ya kawaida isiyofungwa na kemikali nyingine hutakiwa kuwa miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, bila kushuka, kwa wiki nne. Chapa nyingine zina viwango vyao, someni chupa. Vitatange wadogo ni wepesi kudhurika na shaba, kwa hiyo ipandisheni taratibu kwa siku kadhaa na mpime kwa kipimo cha shaba, msikadirie kwa macho. Msichanganye shaba na dawa za kupunguza amonia, kwani baadhi yake huigeuza kuwa sumu zaidi. Na kamwe shaba isiingie tangi kubwa: konokono, kamba na matumbawe hufa kwa kiasi kidogo tu.

Kwa minyoo ya ngozi na mashavu kuna prazikwanteli. Jina hilo mlilolisoma shuleni nyumbani ndilo hilohilo: vidonge vya kichocho ambavyo watoto wa Mwanza na Kisumu hupewa shuleni. Kwa samaki hutumika ile iliyotengenezwa kwa matangi, dozi mbili zilizopishana siku tano hadi saba. Baada ya hapo mwacheni wiki mbili bila dawa yoyote, akila na kutazamwa. Jumla ni wiki sita hivi.

Kuna wakati mmoja tu ambapo hamsubiri shibe. Samaki akipumua kwa kasi, akikimbia mwanga, na ngozi yake ikionekana kama imenyunyiziwa unga wa dhahabu au vumbi laini, huo ni ugonjwa wa Amyloodinium. Huua kwa siku chache. Shaba ianze siku hiyohiyo, awe amekula au hajala.

Tangi lililoambukizwa, na likizo ya kiangazi

Sasa turudi kwenye tangi lenu. Kimelea kimo humo, kwenye mawe na mchanga, kikiwa ndani ya maganda. Huwezi kutia shaba kwa sababu ya konokono. Lakini hakiwezi kuishi bila samaki. Maganda yaliyochelewa kuliko yote kupasuka yamerekodiwa kufikia siku 72, na wafugaji wengi huongeza siku chache na kuhesabu 76. Siku hizo zote asiingie samaki hata mmoja, hata kwa dakika tano.

Habari njema ni kwamba kalenda ya hapa inakubaliana nanyi. Shule zikifungwa mwanzoni mwa Julai na mkaenda nyumbani, tangi lisilo na samaki linamhitaji jirani kwa kazi mbili tu: kuongeza maji matupu yaliyochujwa kadiri yanavyopungua, kwa sababu maji huruka na chumvi hubaki, na kutupia konokono chembe ya chakula mara moja kwa wiki. Hesabu ikianza tarehe 1 Julai inaisha tarehe 15 Septemba. Mkirudi mwishoni mwa Agosti, anzisheni karantini ya wageni wapya, na watakapohitimu tangi litakuwa safi.

Kwa hesabu hiyohiyo, msinunue samaki mwezi Juni. Mgeni wa wiki ya pili ya karantini hawezi kuachiwa jirani.

Nyavu, ndoo na mipira ya karantini isiguse tangi kubwa. Mkono uliolowa nao huoshwa kwanza.

Wa kununua na wa kuacha

Nemo waliozaliwa na kukuzwa kwenye matangi ndio wa kuanzia. Hula punje tangu wadogo, na hawakutolewa baharini. Nao wapite karantini vilevile.

Kitatange mdogo ni wa pili, kwa mwenye subira.

Anthiasi, wale wa rangi ya chungwa wanaoelea kwa makundi juu ya matumbawe yetu, huhitaji kulishwa kidogo kidogo mchana kutwa. Nyumba inayobaki tupu kuanzia asubuhi hadi magharibi isiwachukue. Wanafunzi mnaoshirikiana chumba, nanyi vilevile.

Yule mwembamba mwenye mstari mweusi anayewasafisha wenzake, Labroides dimidiatus, mwacheni. Ni miongoni mwa samaki wanaouzwa nje kwa wingi kutoka Kenya, na watu humnunua wakidhani atatibu vidoa. Chakula chake ni wadudu wanaowaganda samaki wengine. Katika tangi la samaki watatu, wengi hukonda mpaka kufa. Na mwambani ana kazi kubwa: watafiti huko Australia waliwaondoa kwenye vipande vya mwamba, na baada ya miaka zaidi ya minane samaki wa hapo walikuwa wamepungua kwa idadi na kwa aina.

Na mtoto akipendekeza mlete kitatange wenu wenyewe kutoka likizo, mwelezeni mapema. Wanyama hai huingia UAE kwa kibali cha Wizara ya Mabadiliko ya Tabianchi na Mazingira. Hifadhi kama za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu mwaka 1968, hazitolewi kitu. Mpelekeni akamwone kwa miwani ya kuogelea badala yake. Akiona jinsi anavyodonoa mwamba kutwa nzima, ataelewa kazi ya ile chupa ya artemia kuliko nitakavyoweza kumweleza mimi.

Dada, mwambie mwanao kwamba samaki wake hawakufa kwa kuwa hakuwapenda. Mpe daftari leo, aandike tarehe aliyokufa samaki wa mwisho, na ahesabu siku 76 kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki ijayo tutajibu swali la msomaji wa Sharjah kuhusu kuondoa mwani mwekundu kwenye mchanga bila dawa.